Kufuli kwenye Folda ya Juu

Baba yangu wateja walimwita Ratili, kwa sababu alianza kutengeneza mizani enzi ambazo watu bado walipima kwa ratili, na hata kilo zilipoingia aliendelea kuzigeuza kichwani, kama vile kilo ni mgeni wa kupita tu. Mimi akaniita Gramu. Nilizaliwa njiti, na inasemekana alinipima kwa mizani ya karakana kabla sijapewa jina. Wateja walifurahia sana hilo. Kila aliyeingia lazima arudie utani uleule, kwamba Ratili kazaa Gramu, na kila mara Baba alicheka kana kwamba ndiyo kwanza anausikia. Mimi nilinuna. Nina miaka arobaini na mitatu sasa na bado naitwa Gramu. Hasira zangu ni za karibu, na mdomo wangu hutangulia akili. Nayasema haya mapema kwa sababu bila mdomo huo nisingekuwa na la kusimulia.

Karakana yetu ni chumba kimoja kirefu nyuma ya duka la vioo. Mna meza mbili za kazi, ya Baba karibu na dirisha na yangu karibu na mlango, rafu za mizani zinazosubiri zamu, na kabati lenye mawe ya kuhakikia, madogo ya shaba na makubwa ya chuma. Sonara, mwuza nyama, mwenye duka la dawa, mwenye ghala, wote huleta mizani zao mara moja kwa mwaka. Tunazifungua, tunazisafisha, tunazirekebisha mpaka ziseme kweli, kisha tunatoa cheti chenye mhuri na saini. Mkaguzi akipita akakuta huna cheti, duka linafungwa siku hiyohiyo.

Miaka mitatu iliyopita mikono ya Baba ilianza kutetemeka. Alijitia hamnazo, nami nikajitia hamnazo. Akawa anakunywa chai nusu kikombe ili isimwagike, akawa anashika bisibisi kwa mikono miwili. Kisha siku moja akaangusha kisu cha mizani ya duka la dawa. Kisu, kwa lugha yetu ya kazi, ni ule ukingo mwembamba wa chuma ambao mkono wa mizani unaukalia; kikipata pengo hata dogo kama chembe ya chumvi, mizani nzima haina maana tena. Mwenye duka la dawa alikuwa amesimama palepale anatazama. Ningeweza kusubiri aondoke. Sikusubiri. Nilisema mbele yake, "Baba, sasa basi. Kaa nyumbani, hii kazi niachie mimi."

Hakubisha. Alivua aproni, akaikunja mara nne, akaiweka juu ya meza yake, akamwomba radhi mteja, akatoka. Mimi nikaendelea na kazi. Nilijiambia kwamba lililopaswa kusemwa limesemwa.

Baba anaishi na Shangazi, dada yake mkubwa, mwanamke ambaye haingilii mambo ya watu ila kwa kukohoa. Wiki mbili baadaye Shangazi alinipigia simu, akakohoa, akasema ndugu yake ameshazunguka nyumba nzima na kipimo cha usawa, na sasa amehamia kwa jirani. Kabati la vyombo limewekewa vipande vya mbao chini ya miguu mara mbili. Nilicheka, halafu nikajisikia vibaya, halafu nikaanza kutafuta njia.

Njia niliyoipata ilikuwa tovuti yetu. Nilikuwa nimeitengeneza mwenyewe baada ya kozi ya miezi sita, ili wateja wachukue nakala za vyeti vyao bila kunisimamia mlangoni. Kwenye seva palikuwa na folda moja kubwa niliyoiita "kazi", na ndani yake folda mbili ndogo, moja ya vyeti na moja ya fomu. Nikaongeza ya tatu, nikaipa jina "mezani". Kila jioni kabla ya kufunga karakana nilipiga picha za kila mizani niliyoishughulikia siku hiyo, kwa nje na kwa ndani, nikazipandisha humo. Baba nikampa tableti yangu ya zamani, nikamwekea kitufe kimoja cha kubonyeza, afike moja kwa moja kwenye picha. Nilimwonyesha mara tatu. Mara ya nne akanisukuma mkono akabonyeza mwenyewe.

"Hii ndiyo meza yako sasa," nilimwambia.

Maneno hayo niliyasema mimi, kwa kinywa changu, wala hakuna aliyenilazimisha.

Tangu siku hiyo simu yangu ililia kila asubuhi saa moja na nusu. Hakuwa na salamu ndefu. Mizani ya sonara, picha ya tatu, umeshika jiwe kwa vidole vitupu; alama ya kidole ina uzito, Gramu. Ile ya duka la viungo umeipima feni ikiwa inazunguka, nimeona kalenda ukutani imeinuka. Ile ya jana rudia, kitone cha hewa kwenye kipimo cha usawa kimekaa pembeni. Nikibisha, aliniambia niikuze picha niangalie kona fulani, na nikiangalia nilikuta ni kweli. Angekuwa anakosea walau nusu ya mara ningemvumilia. Alikuwa hakosei. Huko sebuleni kwake, na miwani yake ya zamani na mikono inayotetemeka, aliona zaidi kuliko mimi niliyekuwa nimeinamia kitu chenyewe.

Nitasema ukweli, maana nimeamua kuusema. Simu zile zilinikaa kooni. Kuna asubuhi niliiacha ilie mpaka ikate, nikasimama jikoni naosha kikombe ambacho tayari ni kisafi. Mchana nikimpigia nilimwambia nilikuwa bafuni. Nilioga sana mwaka ule.

Kisha akaingia Gundi. Gundi ni fundi mwenzetu wa mtaa wa pili. Jina hilo alipewa kwa sababu akikaa kwako habanduki, na akiondoka kuna kitu kimeondoka naye. Siku moja mwuza nyama nisiyemjua alikuja amefura, anadai mizani niliyomhakikia inamwibia mwenyewe. Nilimwambia sijawahi kuiona mizani yake. Akatoa cheti alichopewa na Gundi. Saini ni yangu, mhuri ni wangu, na namba ya cheti ni ya mizani ya sonara niliyoihakiki miezi miwili nyuma. Gundi alikuwa ameingia kwenye folda ya vyeti, ambayo ilikuwa wazi kwa dunia nzima, akachukua cheti cha sonara, akafuta jina, akaandika jingine.

Nilipandwa na mori. Mwuza nyama aliondoka ananiogopa mimi zaidi ya Gundi. Nilifunga karakana mchana ule, nikakaa kwenye kompyuta, nikatafuta maelezo ya jinsi ya kufunga folda kwa neno la siri. Si jambo gumu. Unaandika mafaili mawili madogo. La kwanza linakaa ndani ya folda unayotaka kuifunga, na kazi yake ni kuiambia seva kwamba hapa mtu asipite mpaka aulizwe. La pili lina orodha ya majina na maneno ya siri, nalo unalificha mahali ambapo mgeni hawezi kufika, na maneno yenyewe yanavurugwa kiasi kwamba hata wewe mwenye nyumba huwezi kuyasoma tena. Mgeni akifika anatokewa na kisanduku: andika jina, andika neno la siri. Akikosea kinamrudia.

Sasa kwenye lile faili la kwanza kuna mstari mmoja ambao unaandika maneno yako mwenyewe, yatokee juu ya kisanduku. Maelezo yalipendekeza kitu kama "Eneo la wafanyakazi". Niliona huo ni upole wa bure. Nilimwona Gundi mbele yangu, na mkono wake mfukoni, na kile kicheko chake cha puani. Nikaandika: "Hapa ni pa wenye kazi. Wewe huna kazi hapa. Kaa nyumbani."

Nilifurahi. Nilisoma mara mbili kwa sauti.

Kosa nililolifanya ni dogo, la mtu mwenye haraka. Faili lile lilitakiwa kukaa kwenye folda ya vyeti. Mimi nililiweka ngazi moja juu, kwenye folda kubwa ya kazi. Na kufuli la folda ya juu hufunga kila kilicho chini yake: vyeti, fomu, na mezani. Maelezo yalisema hivyo waziwazi, kwenye aya niliyoiruka. Nilifungua folda ya vyeti kujaribu, kisanduku kikatokea, nikaandika jina na neno la siri, ikafunguka. Kompyuta ikaniuliza kama ikumbuke, nikasema ndiyo. Basi. Niliujaribu mlango niliotaka ufungwe, sikuijaribu ile niliyotaka ibaki wazi. Na kwa kuwa kompyuta yangu ilikumbuka, haikuniuliza tena kamwe. Picha za Baba niliendelea kuzipandisha kila jioni kwa njia yangu ya fundi, ambayo haipiti kwenye kisanduku, na nikizifungua kuzikagua zilifunguka mara moja. Wateja niliwapa jina na neno lao la vyeti. Folda ya fomu hakuna aliyelalamika, kwa sababu hakuna aliyewahi kuitumia.

Asubuhi iliyofuata simu haikulia.

Nilikunywa chai yangu yote ikiwa ya moto. Siku ya pili vilevile, na ya tatu. Mtu mwenye akili angejiuliza. Mimi nilishukuru. Nilijiambia Baba hatimaye amezoea kupumzika, kwamba umri umempoza, na kwamba pengine kazi yangu imekuwa nzuri kiasi hana la kusema. Hilo la mwisho lilinipendeza kuliko yote, nikalishika.

Jumapili nilikwenda kuwaona kama kawaida yangu. Nilimwamkia Baba, akaitikia vizuri, akaniuliza habari za wanangu mmoja mmoja. Habari za karakana hakuuliza. Tulikula, tukazungumzia paa la jirani. Wakati naaga ndipo akasema, huku anatazama viatu vyangu na si uso wangu:

"Ile tovuti inaendeleaje?"

Nami nikamjibu kwa majivuno, "Salama kabisa, Baba. Nimeifunga sasa. Wasio na shughuli hawaingii tena."

"Umefanya vizuri," akasema. "Kitu cha kazi kifungwe."

Shangazi alikohoa. Nilidhani ni vumbi.

Miezi ikapita, saba yote. Simu ya saa moja na nusu niliisahau. Katikati ya miezi hiyo Shangazi alikuja karakana, ameleta kisanduku cha mbao cha Baba chenye mawe yake binafsi ya shaba, yale madogo ambayo hakuwahi kumruhusu mtu kuyagusa, na koleo lake la kuyashikia. Akasema, "Ndugu yangu amesema uchukue. Yeye hana kazi nayo." Nilidhani ni zawadi. Niliyapanga kabatini, nikampigia kumshukuru, akasema nisijali. Mteja aliyekuwepo nilimwambia kwamba mzee wangu amenirithisha angali hai, na ni wazee wachache wenye moyo huo.

Kilichonifumbua macho ni kuharibika kwa kompyuta. Ile ya zamani ilizima ikagoma kuwaka, nikanunua nyingine. Nilipofungua folda ya mezani kuhakikisha picha zimepanda, kikatokea kisanduku. Juu yake maneno: Hapa ni pa wenye kazi. Wewe huna kazi hapa. Kaa nyumbani.

Mwanzo sikuelewa. Nilidhani nimebonyeza folda ya vyeti. Nikarudi nyuma, nikabonyeza mezani polepole kama mtu anayesoma kwa kidole. Kisanduku kilekile.

Seva ina daftari lake. Kila anayebisha hodi huandikwa: siku, saa, alikotoka, jina aliloliandika, na kama alifunguliwa au alikataliwa. Neno la siri haliandikwi, jina tu. Nilikuwa nimeagiza daftari hilo litunzwe mwaka mzima, makusudi, ili nimnase Gundi. Nililifungua nikarudi nyuma mpaka asubuhi ile ya kwanza.

Saa moja na dakika ishirini na nane. Laini ya nyumbani kwa Baba. Amekataliwa. Nikahesabu mistari: alijaribu mara kumi na saba. Mara ya kwanza aliandika "baba". Mara ya pili na ya tatu "ratili". Kisha "fundi". Kisha "mezani". Kuanzia mara ya tisa mpaka ya kumi na saba aliandika "gramu". Sijui ni maneno gani ya siri aliyokuwa anajaribu pamoja na jina hilo, na sitajua kamwe. Nawaza tarehe niliyozaliwa. Nawaza uzito niliozaliwa nao, ambao yeye anaujua mpaka leo.

Siku ya pili alijaribu mara moja, saa ileile, kwa jina lilelile. Siku ya tatu mara moja. Kila asubuhi mara moja, mpaka asubuhi ya Jumapili ile niliyokwenda kumtembelea. Jumatatu hakuna kitu. Baada ya hapo hakuna kitu tena, ukurasa baada ya ukurasa, miezi saba.

Nilimtafuta Gundi kwenye daftari hilo pia. Hakuwahi kubisha hodi hata mara moja.

Nilifunga karakana nikaenda kwa Baba mchana huohuo. Nilimkuta sebuleni, redio imewashwa kwa sauti ya chini. Nilimwomba tableti. Ilikuwa kwenye droo, imefungwa kwenye kitambaa, waya wake umeviringwa vizuri, haina chaji. Tukangoja ipate moto, mimi nikijaribu kupanga maneno na yote yakinikimbia. Ilipowaka nikamweleza. Nilimweleza habari ya Gundi na mwuza nyama, ya folda ya juu na folda za chini, kwamba ni sawa na kufunga geti wakati ulitaka kufunga chumba kimoja, na kompyuta iliyokuwa inanikumbukia. Alinisikiliza kwa adabu, vile alivyokuwa akiwasikiliza wateja wanaoeleza mizani yao imeanguka yenyewe.

"Kumbe ilikuwa kosa la folda," alisema.

"Ni kosa langu, Baba. Yale maneno yalikuwa ya Gundi. Wallahi hayakuwa yako."

"Nilidhani umechoka na simu zangu."

Hapo ndipo pa kusema hapana. Neno moja tu, na mtu yeyote angelisema. Lakini Baba alikuwa ananitazama, na mimi mbele ya macho yale sijawahi kufaulu kudanganya, hata nilipokuwa mtoto.

"Ulikuwa umechoka?" akauliza.

"Kidogo," nilisema.

Aliitikia kwa kichwa. Hakuonyesha hasira, na ningeipenda hasira yake kuliko chochote siku ile. Aliniambia asante kwa kuja kumweleza, maana safari ni ndefu na jua ni kali, kisha akamwita Shangazi atuletee chai. Tulikunywa. Yeye nusu kikombe.

Njiani nililia waziwazi, mtu mzima na mkoba begani, watu wanapishana nami. Jambo lililoniuma zaidi ni kwamba kufuli niliweza kulieleza, na maneno niliweza kuyaeleza, lakini zile chai za moto nilizokunywa kwa raha sikuwa na la kuzitetea.

Jioni hiyo nililihamisha faili ngazi moja chini, nikaufuta ule mstari, nikaandika "Vyeti vya wateja". Haikuchukua hata dakika mbili. Nikampigia Baba, nikamwomba ajaribu. Akabonyeza, akasema imefunguka, asante sana.

Asubuhi nilikaa na simu mezani kuanzia saa moja. Haikulia. Nilifungua daftari la seva: Baba ameingia saa moja na dakika ishirini na tisa, ametazama picha zote kumi na moja, moja baada ya nyingine. Nikampigia mimi.

"Umeziona, Baba?"

"Nimeziona. Kazi nzuri."

Ikawa hivyo kila siku. Alifungua, alitazama zote, na nikimpigia alisema kazi nzuri. Nilimwuliza kama feni haikuwa karibu mno, akasema yeye haoni tatizo. Nilimwuliza habari ya kitone cha usawa, akasema nitajua mwenyewe niliyekuwepo. Nilimwomba aje karakana nimfuate kwa teksi, meza yake bado ipo, sijaigusa. Akasema miguu, labda wiki ijayo. Wiki ijayo ikawa ile nyingine. Shangazi hakukohoa tena, na hilo lilinitisha zaidi.

Wiki tatu nilivumilia. Kisha nikafanya jambo la kijinga.

Mwenye ghala alikuwa ameleta mizani ya jukwaa, ya kupimia magunia. Vyuma vya ndani vya mizani hizo vinaning'inia kwenye kulabu nne, na midomo ya kulabu zote lazima itazame nje. Moja ikitazama ndani, mzigo mzito ukipanda inaweza kuachia. Hilo ndilo la kwanza Baba alilonifundisha kuhusu mizani kubwa. Nilipokosea, nikiwa na miaka kumi na miwili, alinifungulisha na kunifungisha mizani nzima mara kumi, mpaka giza likaingia, na hakuniruhusu kwenda kula mpaka nilipoweza kufanya bila kutazama.

Niligeuza kulabu moja ya kushoto ikatazama ndani. Nikasogeza taa, nikapiga picha karibu kabisa, kosa lionekane hata na kipofu. Nikaipandisha mezani.

Asubuhi nilingoja. Saa moja na nusu ikapita, saa mbili ikapita. Saa tatu nilikuwa sebuleni kwake. Nilimwambia nimepita tu, nikakaa naye kwenye kochi, nikaomba tuzitazame picha za jana pamoja. Akasema sawa. Akawa anazipitisha kwa kidole, kidole kinatetemeka, wakati mwingine picha inaruka mbili mara moja na anairudisha. Mizani ya sonara, mizani ya jikoni ya mama mmoja, kisha ile ya ghala.

Kidole kikasimama. Kilisimama juu ya kulabu ya kushoto, sio karibu nayo, juu yake hasa. Akaikuza picha. Kulabu ikajaa kioo kizima. Akaitazama muda mrefu, na mdomo wake ukafunguka kidogo kama ulivyokuwa ukifunguka kabla ya kuniambia rudia. Moyoni nilikuwa namsihi, sema, Baba, nigombeze, niite mzembe, nipigie kelele mpaka majirani wasikie.

Akanitazama. Kisha akaondoa kidole, picha ikarudi udogo wake.

"Kazi nzuri," alisema.

"Baba, iangalie tena."

"Nimeiangalia." Akazima tableti, akaiweka kando taratibu, kwa mikono miwili. "Wewe ndiye fundi, mwanangu."

Aliiona. Naapa aliiona. Na kwa mara ya kwanza tangu nizaliwe hakuniita Gramu.

Sikuweza kumwambia kwamba niliigeuza makusudi. Nilikaa naye kidogo, nikaaga, Shangazi akanisindikiza mpaka barabarani. Mwenye ghala alikuwa anaitaka mizani yake saa nane. Nilirudi karakana, nikaifungua, nikaigeuza kulabu mwenyewe.